Kivuli ni Vazi

Nabii Yona alipoketi nje ya Ninawi, Mungu alimwoteshea mmea umtie kivuli. Mmea uliponyauka, jua lilimpiga kichwani hata akatamani kufa. Basi kivuli ni neema, nasi twaitambua ikishatuondoka.

Tazameni Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Tangu enzi ya Wajerumani sehemu za msitu wake zilikatwa ili ipandwe kahawa, na baadaye chai. Chai ni riziki, lakini mchumaji husimama juani. Tena kila mita 1,000 za kupanda mlima, mionzi iunguzayo huzidi kwa karibu sehemu moja ya kumi. Baridi ya mlimani humdanganya mtu: hasikii joto, kumbe ngozi yaungua.

Walio wengi kati yetu hukingwa na weusi wa ngozi. Ndugu zetu wenye ualbino hawakujaliwa kinga hiyo, na saratani ya ngozi huwapata wengi wao wakingali vijana.

Huko juu angani pia uko utando wa ozoni uzuiao mionzi hiyo. Uliharibiwa na gesi za majokofu na za makopo ya kupulizia, hata mataifa yakapatana mjini Montreal mwaka 1987 kuziacha. Nao unapona polepole. Karibu na ikweta ulipungua kidogo tu, lakini jua letu ni kali mwaka mzima. Kwa hiyo mti unaokatwa uani si jambo dogo.

Wazazi, mtoto mwenye ualbino msimfiche; kumfungia ndani si kumkinga. Mvikeni kofia pana na nguo ya mikono mirefu, na kazi ya shamba aifanye asubuhi na mapema au jioni. Mpakeni mafuta ya kukinga jua, kama yale yanayotengenezwa Moshi kwa ajili yao. Kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja kipelekwe hospitali bila kukawia, kwani saratani ikiwahiwa huweza kuondolewa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kanisa hutufundisha kwamba kuwavika walio uchi ni tendo la huruma. Apandaye mti penye uwanja wa shule au wa kanisa, naye amemvika mtoto ambaye ngozi yake haina vazi.