Mavuno ya Zahanati Hupimwaje?



Mtu akituuliza, "Zahanati yenu ya mjini yafaa nini?" twazoea kufungua daftari na kumwonyesha hesabu: wagonjwa kadha wa kadha wamekuja, chupa kadha za dawa zimetolewa. Jibu hilo si la uongo, ila halitoshi. Mkulima hapimi shamba kwa hesabu ya majembe, bali kwa mavuno. Basi na tutazame jinsi mavuno yalivyopimwa katika mji wa Baltimore, nchi ya Marekani.

1. Ugonjwa wenyewe. Mtoto hushikwa na maumivu ya koo yaletwayo na vijidudu viitwavyo streptokoki. Asipotibiwa, baada ya majuma machache huweza kupatwa na homa ya baridi yabisi, nayo huweza kuharibu vilango vya moyo wake kwa maisha yake yote. Akipewa penisilini mapema, homa hiyo huzuilika.

2. Kipimo. Katika miaka ya 1960 zilifunguliwa zahanati za huduma kamili katika baadhi ya mitaa ya maskini. Daktari Leon Gordis akawahesabu watoto weusi wenye umri wa miaka 5 hata 14 waliolazwa hospitali kwa shambulio la kwanza la homa hiyo, akilinganisha miaka 1960 hata 1964 na miaka 1968 hata 1970. Hakuwatafuta wale tu waliofika zahanati, kwa maana huenda wafikao ndio wenye wazazi waangalifu. Alitazama mtaa mzima. Katika mitaa yenye zahanati ugonjwa ulipungua kwa 60 katika kila 100. Kwingineko mjini haukupungua.

3. Shaka na jibu lake. Mwenye busara atasema, "Labda nyumba zao zilitengenezwa, au chakula chao kilizidi." Gordis, katika habari aliyoitoa mwaka 1973, aliwagawa watoto mafungu mawili: wale ambao homa yao ilitanguliwa na ugonjwa wa koo ulioonekana wazi, na wale ambao haukuonekana. Kupungua kote kulikuwa katika fungu la kwanza. Kama sababu ingalikuwa nyumba au chakula, mafungu yote mawili yangalipungua. Lakini zahanati haiwezi kutibu koo ambalo mtoto hakulilalamikia. Pale ilipoweza kutibu, ndipo ugonjwa ulipopungua.

Tujifunze mambo matatu: kuhesabu mtaa mzima, si wafikao tu, kulinganisha na mtaa usio na huduma, na kutafuta alama ambayo ni tiba peke yake iwezayo kuiacha.

Tena ugonjwa huu ungali unaharibu mioyo ya watoto katika nchi zetu. Basi, mzazi, mtoto akilalamika koo na mwili wake una homa, usingoje. Mpeleke.

Maswali: Zahanati ya mtaa wenu hesabu yake ni ya majembe au ya mavuno? Ni nani asiyefika kamwe, na kwa nini?