Juisi ya Mtoto: Lini, Kiasi Gani na kwa Kikombe Kipi

Kedowa, kando ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Kericho, matunda hayakosekani. Parachichi na karakara vinakua karibu na nyumba. Ndizi, machungwa na mapapai yanapanda na magari kutoka nyanda za joto. Taabu huanza pale tunda linapokamuliwa, likatiwa sukari na kumfikia mtoto likiwa kwenye chupa. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo, na juisi ikishalijaza, maziwa na uji havina pa kuingia. Kwa hiyo, kabla hujakamua, zingatia haya.

1. Subiri atimize mwaka
Miezi 6 ya kwanza mtoto anatosheka na maziwa ya mama peke yake. Hata maji hahitaji. Kuanzia hapo mwanzishie tunda lililopondwa, si juisi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri mwaka 2017 kwamba mtoto asipewe juisi kabla ya kutimiza mwaka, na kati ya mwaka 1 na 3 isizidi mililita 120 kwa siku. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa 2023, linataka hata juisi halisi ipunguzwe kwa watoto wa miezi 6 hadi 23, na vinywaji vilivyotiwa sukari visitolewe kabisa.

2. Ponda badala ya kukamua
Glasi moja ya juisi hula machungwa kama matatu. Mtoto hawezi kuyala yote kwa mara moja, lakini glasi ataimaliza papo hapo na bado hajashiba. Nyuzinyuzi unazozitupa na makapi ndizo zinazoshibisha na kulainisha choo.

Parachichi na ndizi, ponda kwa uma. Papai, kwangua kwa kijiko. Karakara ipasue, mimina kilicho ndani kwenye chujio, kisha sugua kwa kijiko mpaka zibaki mbegu nyeusi tupu. Rojo hilo lichanganye na ndizi iliyoiva: ukali unapungua, na sukari huihitaji. Asali nayo usimpe kabla ya mwaka, kwa kuwa inaweza kuwa na vimelea vya sumu hatari kwa mtoto mchanga. Kukiwa na baridi asubuhi, weka bakuli la tunda ndani ya maji ya moto kwa dakika chache kabla ya kumlisha.

3. Ukimpa juisi, pima
Mililita 120 hazifiki nusu ya kikombe cha chai cha mililita 250. Kiasi hicho cha juisi ya machungwa, hata bila kuongezwa chochote, kina sukari ya karibu gramu 10, yaani vijiko viwili vya chai na nusu. Izimue kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, na umpe pamoja na chakula, kwa kikombe cha wazi. Chupa humfanya anyonye kidogo kidogo mchana kutwa, meno yakikaa ndani ya sukari. Asilale nayo kamwe.

4. Geuza paketi
Picha ya embe si embe. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi zaidi: ukikuta maji na sukari vimetangulia, hicho ni kinywaji chenye ladha ya tunda. Kirudishe.

5. Chai isikae na chakula chake
Huku kwenye majani chai, kikombe cha mtoto hujazwa mapema mno. Chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharagwe, saga na managu, na ukosefu wa madini hayo huleta upungufu wa damu. Vitamini C hufanya kinyume. Basi akila mboga na ugali, mpe vipande laini vya chungwa au papai palepale, na kiu yake ikatwe kwa maji safi.

6. Akiharisha, weka juisi kando
Sukari nyingi inaweza kuzidisha kuhara. Endelea kumnyonyesha na kumlisha, mpe ORS (dawa ya kurudisha maji mwilini) na zinki kama mhudumu wa afya atakavyoelekeza, na umwahishe kituo cha afya akiwa mlegevu au hawezi kunywa.

7. Elewana na anayebaki naye
Ukitoka alfajiri kwenda kuchuma chai, mwachie nyanyake tunda lenyewe na maneno machache: "Mama, akiwa na kiu mpe maji. Ndizi na papai hili ni vya saa nne." Na siku ya kliniki, ukiona kwenye Kitabu cha Afya ya Mama na Mtoto kwamba uzito haupandi, mweleze muuguzi anachokunywa mtoto kutwa nzima, si anachokula tu.