Mafunzo Niliyopata Nikichora Buguruni

Kwa miaka sita nilichora Mlima Kilimanjaro, twiga, na Wamasai wakati wa machweo. Naishi Buguruni, Dar es Salaam, na twiga nilikuwa nimemwona mara moja tu, safari ya shule kwenda Mikumi. Picha zilinunuliwa na watalii, lakini kwangu sikutundika hata moja. Masika fulani maji yakajaa uchochoroni, siku nne sikutoka. Nikakaa kibarazani na penseli, mbele yangu genge la mama lishe. Nikaanza kuchora upya.

1. Rudi palepale

Mchoro wangu wa kwanza wa genge lile ulikuwa mbovu: sufuria, meza, mtu. Nilichora nilichodhani kipo. Ilipofika kama siku ya kumi ndipo nilipoona kwamba sufuria la wali limebonyea upande mmoja, ule mama anaoushikilia akipakua. Nikaona makaa aliyopalia juu ya mfuniko yalivyofifia na kuwa majivu, wekundu ukibaki katikati. Nikaona benchi limeng'aa katikati tu, kwani wateja huogopa kukaa nchani, mwenzao akiinuka wasije wakaanguka. Saa sita mchana jua likiwa utosini, genge zima huwa bapa, halina kivuli cha kukushika. Saa kumi na moja jioni jua hupenya chini ya bati, na mvuke wa wali huwa kama samli iliyoyeyuka. Picha niliyoipenda kuliko zote ni ya saa hiyo, na nilirudi zaidi ya mara ishirini ndipo nikaipata.

2. Rangi zina majina mtaani

Zamani kila kivuli nilikipaka nyeusi. Fundi cherehani wa jirani, mtu anayechagua uzi kwa macho tu, aliniambia nitazame tena kivuli kwenye ukuta wake wa chokaa. Kilikuwa bluu. Ni yeye aliyenionyesha pia kwamba kutu ya bati ikilowa mvua ni damu ya mzee hasa, na ikikauka inakuwa rangi ya ugoro. Sasa nikichanganya rangi nayafuata majina hayo kuliko yale yaliyoandikwa kwenye kopo.

3. Vifaa viko duka la jirani

Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia vipande vya mraba vya hadibodi na rangi ya kupaka baiskeli. Kwa hiyo mchoraji asiseme anasubiri kanvasi kutoka nje.

4. Salimia kwanza

Mama lishe alipoona picha yake alinyamaza, kisha akasema: "Mwanangu, umenichora na khanga ya jikoni! Ungeniambia nikajipamba." Nilimwomba radhi, na nilistahili kuomba. Tangu siku ile naanza na shikamoo, nanunua sahani yangu, nakula, kisha naomba. Mtu akikataa nafunga daftari. Uso wake ni wake.

5. Usingoje

Jengo la Soko la Kariakoo, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli, lina paa la miavuli ya zege ambalo nimelipita maisha yangu yote. Mwanga ulishuka kati ya miavuli ile ukatua juu ya magunia na vichwa vya watu. Kila mara nilijiambia nitalichora vizuri mwakani. Julai 2021 soko likaungua, na mimi nilikuwa na michoro miwili ya harakaharaka, yote ya nje.

Genge la yule mama nalo limehama, barabara ilipopanuliwa. Ndugu mchoraji, kama kituo unachopandia daladala bado kina mwembe wake, kauchore wiki hii.