Taka za Musaga Zinaishia Wapi?



Mtume (S.A.W.) alitufundisha kwamba imani ina matawi mengi, na la chini kabisa ni kuondoa njiani kitu chenye kuudhi. Kama hilo la chini limetushinda, ya juu tutayafikiaje?

Musaga iko kwenye mteremko, kati ya mto Muha na mto Kanyosha. Mvua ikinyesha, taka zilizo mferejini husombwa hadi mtoni, na mito yote miwili huingia Ziwa Tanganyika. Katika ziwa hilohilo REGIDESO huvuta maji, huyasafisha na kuyaleta kwenye mabomba ya Bujumbura. Anayetupa taka mferejini anamtupia jirani wa chini, kisha anajitupia mwenyewe.

Jumamosi tunatoka kwa kazi za pamoja na kuzoa mifereji. Baada ya siku chache imejaa tena. Je, lori litatosha? Jaa la mji liko Buterere, kaskazini, nasi tuko kusini. Tena maganda yakifukiwa bila hewa hutoa gesi ya methani, ambayo huwaka na huongeza joto la dunia.

Kwa hiyo kazi ianzie nyumbani, kwa kutenganisha:

1. Vinavyooza. Maganda ya ndizi na mihogo, majani na mabaki ya mboga ndiyo sehemu kubwa ya taka za jikoni. Yarundike kivulini pamoja na majani makavu, yawe na unyevu kiasi, uyapindue kila wiki. Baada ya miezi 3 hivi utapata mbolea.

2. Vinavyotumika tena. Chupa, vyuma na karatasi vikae vikavu. Vikichanganyika na chakula vinapoteza thamani.

3. Vya hatari. Betri zisichomwe wala zisitupwe kwenye mbolea. Sindano zipelekwe kituo cha afya.

Plastiki pia isichomwe, kwani moshi wake una sumu. Serikali ya Burundi ilitoa amri ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2018. Rwanda ilitangulia mwaka 2008. Tubebe kikapu sokoni.

Zoezi la wiki: weka ndoo mbili chumbani kwako au nyumbani, moja ya vinavyooza, nyingine ya vikavu. Siku ya saba angalia kilichobaki cha kupelekwa jaani, kisha tuelezane kwenye darasa letu.

Allah atuwezeshe kutenda tunayoyajua. Amin.