Somo kwa Maseremala: Kuchapa Kiolezo Katika Kipimo Chake cha Kweli

Vikundi vya useremala ni miongoni mwa vikundi vinavyoweza kuomba mikopo isiyo na riba itolewayo na halmashauri nchini Tanzania kutokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambapo asilimia 4 ni kwa ajili ya wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Mkopo huo hauna budi kurejeshwa, hata kama mbao zilizonunuliwa kwa fedha hizo zimekatwa vibaya. Nayo kamati ya mapokezi na ukaguzi inapopokea viti vya wanafunzi hupima viti vyenyewe, wala haiulizi mchoro wake ulionekanaje kwenye kompyuta.

Siku hizi mafundi wengi huandaa michoro kwa programu kama vile Inkscape, LibreCAD na SketchUp. Mchoro hupelekwa steshenari, huchapwa, hubandikwa juu ya ubao, kisha msumeno hufuata mstari. Hata hivyo, kati ya kioo cha kompyuta na karatasi zipo hatua kadhaa ambazo kipimo huweza kubadilika pasipo mtu yeyote kukusudia. Somo hili linaeleza hatua hizo na namna ya kuzidhibiti.

KIOLEZO HUPUNGUAJE?

Sababu ya kwanza ni mpangilio wa kuchapa. Programu nyingi za kuchapa, zisipoelekezwa vinginevyo, hupunguza mchoro ili uenee ndani ya kingo za karatasi. Mahali palipoandikwa "Fit" pabadilishwe kuwa "Actual size", au iandikwe asilimia 100.

Sababu ya pili ni aina ya karatasi. Karatasi itumikayo Afrika Mashariki ni A4, yenye milimita 210 kwa 297. Programu zilizotengenezwa Marekani aghalabu huanza na karatasi ya Letter, yenye milimita 216 kwa 279. Ukurasa wa Letter ukilazimishwa kuenea kwenye upana wa A4, mchoro hupungua hadi takriban asilimia 97.

Sababu ya tatu ni vizio vya vipimo. Faili lililochorwa kwa inchi likifunguliwa kana kwamba ni la milimita, kila kipimo hupungua mara 25.4. Kosa hilo huonekana mara moja. Lililojificha zaidi ni la michoro ya zamani ya Inkscape. Kabla ya toleo 0.92 lililotoka mwaka 2017, programu hiyo ilihesabu nukta 90 kwa inchi, na tangu hapo huhesabu 96. Mchoro wa zamani ukifunguliwa bila kurekebishwa, mstari wa milimita 300 huwa milimita 281.25.

Sababu ya nne ni njia ya kutuma. Mchoro uliotumwa kwa WhatsApp kama picha hubanwa na kupoteza ukubwa wake. Yafaa uhifadhiwe kwanza kama PDF, kisha utumwe kama hati. Kadhalika, kiolezo kisitolewe fotokopi kwa ajili ya fundi mwenzake, maana baadhi ya mashine hukuza au kupunguza kidogo. Kila fundi achapiwe nakala yake kutoka kwenye faili.

Hatari ya kiolezo kilichopungua ni kwamba hakijitangazi. Vipande vyote vikipungua kwa kiwango kimoja, vitaendelea kupatana vyenyewe kwa vyenyewe. Mguu wa nyuma wa kiti uliochorwa milimita 900, ukichapwa kwa asilimia 97, huwa milimita 873. Kiti kitasimama vizuri, ila kitakuwa kifupi kwa milimita 27. Dalili hujitokeza pale kiolezo kinapokutana na mbao halisi. Nafasi iliyochorwa kupokea ubao wa unene wa milimita 25 imekuwa milimita 24.25, na ubao haupiti. Fundi asiyejua chanzo huchukua randa na kupunguza ubao, na hivyo kulifunika kosa badala ya kuliondoa.

MRABA WA UHAKIKI

Kinga yake ni rahisi. Katika kila ukurasa wa mchoro, fundi achore mraba wenye milimita 100 kila upande na aandike kipimo hicho pembeni. Karatasi ikitoka, mraba upimwe kwa rula ya chuma kabla ya kazi yoyote, kwa upana na kwa urefu, kwa kuwa baadhi ya mashine hukosea upande mmoja tu.

Mraba ukisoma 97, fundi arudi kwenye mpangilio wa kuchapa. Ikiwa mpangilio tayari ni asilimia 100 na bado mraba unasoma 99.5 pande zote mbili, basi mashine yenyewe ndiyo inayopunguza. Hapo agawe 100 kwa 99.5, apate 1.005, na achape upya kwa asilimia 100.5. Afadhali kupoteza karatasi moja kuliko ubao mzima wa mninga.

KUBADILI UKUBWA KWA MAKUSUDI

Wakati mwingine fundi hutaka kubadili ukubwa, mathalani kupata kiti cha darasa la awali kutokana na mchoro wa kiti cha mtu mzima. Kanuni ni kugawa kipimo kinachotakiwa kwa kipimo kilichopo, kisha kuzidisha kwa 100. Kikalio kilicho kwenye kimo cha milimita 430 kikitakiwa kiwe kwenye milimita 300, mchoro upunguzwe hadi asilimia 69.8. Kabla ya kuandika kiwango hicho, alama ya kufuli iliyo kati ya upana na urefu ifungwe, ili umbo lisipinde.

Hapa pana jambo lisilopaswa kusahauliwa: mchoro hupungua, lakini unene wa mbao dukani haupungui. Nafasi ya ubao wa milimita 25 itakuwa imeshuka hadi takriban milimita 17.4. Kwa sababu hiyo, maumbo ya nje yabadilishwe kwanza, kisha nafasi zote za viungo, ndimi na matundu ya skrubu zichorwe upya kwa vipimo vya mbao na vyuma vilivyopo.

Hesabu ya gharama nayo ina kanuni yake. Urefu na upana vikiongezwa mara 2, eneo la plaiwudi huongezeka mara 4. Fundi anayemtoza mteja mara 2 tu kwa meza kama hiyo atalipia tofauti kutoka mfukoni mwake.

KUCHAPA KWA VIPANDE

Kiolezo kirefu kuliko karatasi huchapwa kwa kurasa kadhaa zinazounganishwa. Karatasi ya A4 yenye pambizo la milimita 10 juu na chini hubakiza milimita 277. Kurasa zikipishana kwa milimita 10, kila ukurasa baada ya wa kwanza huongeza milimita 267. Mguu wa milimita 900 utahitaji kurasa 4, na maungio 3. Kila ungio likikosewa kwa milimita 1 upande uleule, jumla ni milimita 3. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa hiyo mstari mmoja ulionyooka uchorwe kupita kurasa zote, wenye alama kila baada ya milimita 100. Kurasa zilazwe juu ya meza tambarare, zioanishwe kwa mstari huo, na urefu wote upimwe kabla ya kugandisha. Palipo na duka lenye mashine ya kuchapa ramani za majengo, karatasi ya A0 yenye milimita 841 kwa 1189 huuchukua mguu wote bila ungio hata moja.

KUTOKA KARATASI HADI UBAO

Gundi yenye maji huloanisha karatasi na kuitanua. Itumike gundi ya kijiti, nayo ipakwe kidogo. Umbo lenye pande mbili zinazofanana lichapwe nusu tu, kisha kiolezo kigeuzwe juu ya mstari wa katikati, ili pande zote mbili zilingane. Kazi ikiwa ya viti vingi, karatasi ibandikwe mara moja juu ya plaiwudi nyembamba, ikatwe na kusawazishwa kwa tupa na msasa. Plaiwudi hiyo ndiyo itakayotumika kuchora viti vyote. Iandikwe jina la kipande, tarehe, unene wa mbao na asilimia iliyotumika kuchapa.

Mwisho, kiti kimoja kikamilishwe na kupimwa kabla mbao za viti vinavyofuata hazijaguswa. Kikundi kinachofanya hivyo, kikikosea, hupoteza kiti kimoja. Kisichofanya hivyo hugundua kosa mbele ya kamati, viti vyote vikiwa vimekwisha kupakwa vanishi na marejesho ya mkopo yakiwa yanasubiri.