Nanga Mchangani: Jinsi ya Kufika Formentera kwa Mashua ya Tanga

Formentera haina uwanja wa ndege. Kila anayefika kisiwa hiki kidogo cha Hispania hufika kwa bahari, na wengi huvuka kwa feri ya nusu saa kutoka Ibiza. Ukija na tanga lako, unalala mahali ambapo abiria wa feri hawezi kulala. Lakini Julai na Agosti wenye mashua huwa wengi mno, na kila mmoja ana nanga yake. Ndiyo maana ushauri mwingi hapa chini unarudi kwenye jambo hilo moja: nanga yako itaangukia wapi?

Jipange mapema

Nenda Mei, Juni au mwishoni mwa Septemba. Joto halichomi na maghuba yana nafasi. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Schengen, na miadi ya ubalozi huchelewa, basi anza nayo. Kukodi mashua bila nahodha kunadai cheti kinachotambuliwa Hispania. Kama huna, kodi mashua pamoja na nahodha wake. Gati za La Savina, bandari pekee ya kisiwa, ni ghali na hujaa haraka wakati wa kiangazi.

Kuvuka Freus

Kati ya Ibiza na Formentera kuna mlango wa bahari uitwao Es Freus, wenye visiwa vidogo, miamba na feri za kasi zisizokatika. Pita njia kuu iliyo kati ya minara ya taa, usijaribu njia za mkato. Wimbi la feri hukufikia dakika chache baada ya feri yenyewe kupita, wakati umeshaisahau. Funga madirisha ya chini na usiache sufuria jikoni bila kuifunga.

Aliyekulia pwani ya Afrika Mashariki ana jambo la kusahau hapa. Mediteranea hupwa na kujaa kwa sentimita chache tu. Mkuku ukikwama kwenye fungu, usisubiri maji ya kujaa yaje kukunyanyua.

Usilale bila kuuliza upepo

Hakuna kaskazi wala kusi wa kukuhakikishia miezi mizima. Upepo hugeuka usiku mmoja, na wenyeji huupa jina kwa upande unakotoka: *tramuntana* kaskazini, *llevant* mashariki, *migjorn* kusini, *ponent* magharibi. Ukivuma llevant, lala Ses Illetes, ufukwe ulio upande wa magharibi wa ulimi wa mchanga wa Formentera. Ukigeuka ponent, ng'oa nanga uhamie upande wa pili. Ghuba la s'Alga katika kisiwa jirani cha s'Espalmador ni tulivu mpaka upepo utoke kusini.

Sikiliza utabiri asubuhi na jioni. Tarehe 14 Agosti 2024 dhoruba iliwavamia waliokuwa wametia nanga kandokando ya kisiwa, na mashua nyingi zikaishia ufukweni.

Nanga

Chini ya maji haya kuna posidonia. Wengi huiita mwani, lakini ni mmea kamili wenye mizizi, maua na matunda. Mwaka 2006 watafiti walitangaza kuwa wamepata hapa mmea mmoja ulioenea takriban kilomita 8. Majani yake hutuliza mawimbi, huzuia mchanga usihame na huyaacha maji yakiwa maangavu. UNESCO iliyatia mashamba ya posidonia katika urithi wa dunia mwaka 1999, na tangu 2018 amri ya serikali ya visiwa vya Balearic inakataza kutia nanga juu yake. Boti za doria huzunguka, na faini zipo.

Fanya hivi:

1. Kama kuna maboya ya kufungia mashua, weka nafasi mapema kwa intaneti. Boya limefungwa chini tayari, na nanga yako inabaki mahali pake omoni.
2. Kama huna boya, ingia jua likiwa juu na uvae miwani ya kuondoa mng'ao. Maji meupe ya feruzi ni mchanga. Doa jeusi ni majani au mwamba.
3. Piga hesabu ya mnyororo. Kina cha mita 5 kinataka mnyororo wa mita 25 hivi. Upepo ukizunguka, mnyororo nao hufagia, kwa hiyo duara lote liwe mchanga, si pale nanga inapoangukia tu.
4. Rudi nyuma polepole kwa injini mpaka nanga iume.
5. Vaa miwani ya kuzamia, ruka majini, uitazame kwa macho yako.

Ukikosa mchanga wa kutosha, ondoka. Posidonia hutambaa kwa sentimita chache tu kwa mwaka. Pale palipong'olewa kwa dakika moja, huenda wajukuu wako wakapakuta bado kipara.

Ukishuka

Kodi baiskeli. Kisiwa ni tambarare sehemu kubwa, na tangu 2019 magari yanawekewa kikomo wakati wa kiangazi. Maji ya bomba hutokana na kusafishwa kwa maji ya bahari, basi usioshe mashua kana kwamba kuna mto. Usikanyage vilima vya mchanga nje ya njia. Na yale marundo ya majani makavu ya kahawia ufukweni, usiyaone uchafu: yanaukinga mchanga dhidi ya mawimbi ya majira ya baridi.

Asubuhi ya kuondoka, simama omoni mnyororo unapopanda, uangalie nanga ikitoka majini. Ikiwa na mchanga tu, umelala vizuri. Ikija na ukoka wa kijani uliokatika mizizi, hilo ndilo ulilowaachia wenyeji, hata kama uliwalipa vizuri.