Somo Tulilopewa na Ndege

Bwana wetu aliwaagiza wanafunzi wake wajifunze kwa ndege (Mathayo 6:26). Nasi tulilishika agizo hilo mwaka mzima: kila mwezi siku moja tulitoka, tukaandika kila ndege tuliyemtambua.

Ufukoni Kunduchi, mwezi wa Oktoba, tuliandika sululu na vitwitwi, waliokuja kutoka nchi za kaskazini kuikimbia baridi. Temeke, penye miti ya maua, tuliandika chozi, shore na tetere. Orodha ikakua.

Lakini kila ukurasa ulianza na kunguru wa Bara Hindi. Huyu aliletwa Unguja miaka ya 1890 ili ale taka za mji, akaenea pwani yote. Naye hula mayai na makinda ya ndege wadogo. Tulimlaumu sana, hata tulipoona mahali anaposhibia: ni penye makombo tuliyoyatupa sisi.

Mwaka 1534 Martin Luther aliandika barua ya mzaha, kana kwamba ndege wamshitaki mtumishi wake aliyewatega. Je, ndege wa Temeke wangemshitaki nani?

Basi, ndugu, tufukie makombo yetu, kisha mwakani tuhesabu tena.